Motere ya Mguu Mfupi

Rumonge, siku chache baada ya arobaini ya baba

Kwa kaka yangu Zakaria,

Asalaam aleikum. Kabla ya lolote nipe hali yako. Kile kikohozi kimekuacha? Mguu je, haukusumbui na vile vilima vya Kigoma? Mke wako Zuwena na wanangu wanaendeleaje? Wakumbatie wote kwa niaba ya shangazi yao wasiyemjua. Sisi huku mwili ni mzima, alhamdulillahi, ila macho yangu yameanza kunigomea kwa sababu ya kushona, na habari za moyo nitakueleza. Shafii mdogo wetu anakusalimu. Yeye ndiye aliyeniomba nikuandikie, maana kila akishika simu akupigie, anairudisha mfukoni.

Barua hii anakuletea Nestori, fundi seremala aliyefanya kazi na Shafii. Anakuja huko kuwaona ndugu zake waliobaki Tanzania wenzao waliporudi. Hajui kilichomo. Mkaribishe chai, ni mtu mwema, na usimuulize maswali, kwa kuwa mengi ameyaona bila kuyaelewa, kama sisi tu.

Utaona nimejitahidi na Kiswahili. Sijasahau ulivyonicheka kwenye simu siku niliposema shangazi iko mgonjwa, ukaniuliza hiyo "iko" ni shangazi au ni kabati. Nilinuna mpaka jioni. Basi leo nakuandikia kile tulichofundishwa shuleni wakati tulipokuwa wakimbizi huko kwenu, ili usipate pa kunichekea. Laiti ungejua jinsi ile "iko" ilivyonirudia, kaka.

Siku tuliyomzika baba ulinipigia. Hukutaka kujua nani alikuja wala nani alisoma dua. Uliniuliza jambo moja tu, kama baba alikuita kabla hajafa. Nikakujibu kwamba hapana, hakukuita. Simu ikakatika. Tangu hapo hupokei simu ya mtu yeyote wa nyumba hii, na sikulaumu. Barua hii ni kwa ajili ya jibu lile. Nakuomba uisome polepole, usirukie mwisho, kwa sababu hata mimi siwezi kuanzia huko.

Siku ya ule ugomvi unaikumbuka kuliko mimi, lakini acha niseme nilivyoiona. Baba alikuwa amemaliza mashua, moja ya zile zake zilizochongoka mbele na nyuma, akaenda Bujumbura kumzika binamu yake. Ukabaki kiwandani peke yako. Ulikuwa umemwambia mara nyingi kwamba dunia imebadilika, kwamba mtu hawezi kushinda ziwani akipiga kasia kwa sababu tu upepo umelala, kwamba mashua inahitaji motere, injini ya kisasa, na motere inahitaji ubao bapa nyuma wa kuning'inizia. Yeye jibu lake lilikuwa kwamba kuifunga mashua ya tanga chuma nyuma ni sawa na kumwongoza ng'ombe kwa mkia. Basi ukachukua msumeno ukaikata ile ncha ya nyuma, ukapigilia ubao bapa. Aliporudi nilikuwa nimekuja kuwaletea chai, birika mkononi, na mwaloni, pale zinapotua mashua, pamejaa watu. Alipapasa pale palipokatwa kama anayepapasa kidonda cha mtu. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Ondoka hapa. Usikanyage tena mupaka nikuite na kinywa yangu."

Nawe ukaondoka, ukaenda kutengeneza motere Kigoma, ukayashika maneno hayo kama yalivyo. Hata mama alipofariki ulikuja kwa boti ukaishia makaburini, nyumbani hukufika, nikakuletea chakula kule kule kwenye sahani iliyofunikwa. Hapo nakulaumu kidogo, na yeye namlaumu zaidi. Mlifanana mpaka ukaidi.

Miaka ikapita. Motere zikajaa ziwani, matanga yangu ya mashua yakakosa mteja, nikaanza kushona mapazia na sare za shule. Baba akawa anatengeneza viti na milango, na jina lako halikutajwa mezani. Kisha esansi, hiyo petroli yenu, ikaadimika. Hayo unayajua, umeyasikia, magari yanalala kwenye foleni na motere za wavuvi ndizo zinakumbukwa mwisho. Watu wa Gitaza na Kabezi wakaanza kukumbuka tanga. Wakaja kwa baba, tena wale wale waliokuwa wakimwita mzee wa zamani, wanamwamkia kwa mikono miwili. Ungemwona ungecheka, alirudi ujana akaanza kutukaripia wote. Kwa kuwa ziwa lilipanda likameza kiwanda cha zamani, tulihamia juu zaidi, karibu na nyumba, na hapo akaanza mashua mpya, ndogo, iliyochongoka kote kuwili. Akasema hii haiuzwi, hii ni ya nyumbani. Mimi nikaishonea tanga la turubai, na kila pindo alilikagua.

Mashua ilikuwa imebakiza kuzibwa nyufa tu alipoanguka. Ni kiharusi. Upande wa kulia ukafa wote, na maneno yakamkimbia, yakabaki machache ya kuhesabika. Daktari alitueleza kwamba wagonjwa wengi wa namna hii majina ya watu ndiyo huwatoka kwanza. Kweli alianza kutuita kwa vitu. Mimi aliniita sindano. Shafii alimwita kasia. Siku jirani yetu mmoja mnene alipokuja kumjulia hali, baba akamkaribisha vizuri kabisa kwa jina la pipa, ikabidi tutoke nje tukacheke nyuma ya nyumba. Hata yeye mwenyewe alicheka, kwa upande mmoja wa mdomo.

Nilikupigia siku ile ile alipoanguka, unakumbuka. Nilikuomba uje. Ulisema utakuja akikuita, kwamba hutaki kumwingilia mgonjwa asiyeweza kukufukuza. Nikasema basi nimwekee simu sikioni umwamkie tu, ukakataa hilo pia. Ulisema yeye aliahidi kinywa chake, nawe utakingoja kinywa chake. Nilikasirika nikakukatia simu, halafu nikalia jikoni.

Tulikuwa tunamlaza barazani, kitanda kimeelekea ziwa. Shafii alimaliza ile mashua, akaishusha majini. Alikuwa na motere yake ya zamani, ya mguu mrefu, yaani ile nguzo yake inayoshuka majini ni ndefu, na kwa kuwa mashua ya baba haina ubao bapa nyuma, aliifunga ubavuni kwa vyuma. Nia yake ilikuwa kutumia esansi kidogo ya kutokea mwaloni na ya kurudia, safari yenyewe iwe ya tanga. Wazo lilikuwa zuri, lakini wewe fundi wa motere unajua kilichofuata. Upepo ukiilaza mashua upande wa motere, motere inakunywa maji. Ikilala upande wa pili, helisi, yale mapanga yanayozunguka chini, yanabaki hewani yanapiga kelele bure. Na wakati wa kurudi, ule mguu mrefu unagonga mchanga watu wakiwa bado mbali na nchi kavu. Siku moja Shafii alikuwa anahangaika nayo hivyo, baba anamtazama kutoka barazani. Akainua mkono wake mzima, akaelekeza ziwani, upande wa kusini, akasema, "Muguu mufupi. Iko wapi muguu mufupi?"

Shafii alipandisha mbio akambusu mkono. Akasema mnaona, ulimi umekufa lakini ufundi uko pale pale, mzee ameona dawa ni motere ya mguu mfupi. Tulistaajabu, maana huyu ndiye baba aliyemfukuza mwanawe kwa ajili ya motere, tukasema ugonjwa umemlainisha. Kesho yake akauliza tena. Kesho kutwa tena. Ikawa akiamka, kabla ya chai, kabla hata ya kuomba maji, ni hilo tu, iko wapi muguu mufupi.

Ndipo Shafii akakupigia wewe, kwani ni nani mwingine tunayemjua mwenye kushinda na motere? Akakuambia baba anataka motere ya mguu mfupi. Anakumbuka ulirudia, "Mguu mfupi? Amesema hivyo?" Akakujibu ndiyo, motere ya mguu mfupi, hii ndefu inagonga chini. Ukacheka kidogo. Ukauliza kama amekutaja jina. Akakujibu hapana, majina yote yamempotea. Ukasema sawa, utaitafuta.

Na ni wewe uliyetuelekeza pa kuiweka. Ulisema isikae ubavuni wala nyuma kabisa, ikae ndani, mbele kidogo ya usukani, kwenye kisima chake, yaani tundu la mraba lililokatwa chini ya mashua na kuzungushiwa mbao ndefu zinazopita usawa wa maji, motere ikae humo na mguu wake utokeze chini. Na ili helisi isining'inie ikapigwa na mawe, ulisema zile mbao za tumboni zikatwe, ujengwe mfereji uliopinduliwa, helisi izunguke ndani ya mfereji huo, juu ya mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua. Shafii akauita tuneli, Nestori akauita handaki, wakabishana juu ya jina kabla hawajashika msumeno.

Mimi niliogopa. Kulikata tumbo la mashua ya baba, tena mbele ya macho yake, baada ya yale yaliyokupata wewe kwa kukata nyuma tu. Niliomba tukihamishie kitanda chake chumbani. Shafii akasema hapana, mwenyewe ndiye anayeitaka. Msumeno ulipoanza kulia nilimtazama baba usoni, hakukunja hata kipaji. Macho yake yalikuwa ziwani. Nikamshukuru Mungu.

Tuneli ya kwanza iliharibika. Nestori aliiinua ghafla mno na nyuma akaiacha wazi juu, na walipoijaribu kwa ile motere ya zamani iliyoinuliwa kidogo, helisi ikanyonya hewa, ikanguruma, mashua haikusogea. Tukakutumia picha. Ukasema dari ipande taratibu kutoka mbele, halafu nyuma ishuke tena kidogo, ili maji yajae humo na hewa isipate pa kuingilia. Wakabomoa, wakaunda upya. Nestori akachonga na kizibo cha kufunga lile tundu motere ikitolewa, ili mkienda kwa tanga tumbo liwe laini na maji yapite bila kukwama. Niliingiza mkono humo nikapapasa, kaka, ni laini kama ndani ya bakuli. Ilikuwa kazi yako kwa mikono yao.

Huyo Nestori alikulia kambini Tanzania, anasema Kiswahili kama redio, na Shafii hamwachi apumue kwa kumtania. Siku moja baba aliuliza swali lake, Nestori akaacha randa akageuka akauliza mzee anatafuta kitu au anatafuta mtu. Shafii akamwambia kwamba hapa Rumonge motere nayo ni mtu, ina baba na mama. Tukacheka sote, kazi ikaendelea.

Jibu letu kwa baba lilikuwa lile lile. Akiuliza iko wapi, tunamwambia iko Kigoma. Akisikia Kigoma anafumba macho na kuitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa analolijua. Akiuliza kama itakuja, tunamwambia, "Iko kwa njia, baba." Basi anatulia, anakula, analala. Siku uliyotuarifu kwamba umeipata na umeshaipakia kwenye boti ya mizigo, nilikimbia kumwambia mimi mwenyewe kwamba imetoka Kigoma, inafika. Alilia. Nilimfuta machozi kwa upindo wa kanga yangu. Akaniambia, "Sindano. Kanzu." Nikamtolea kanzu yake nyeupe ya Idi. Akataka anyolewe ndevu. Akaonyesha kwa mkono utandikwe mkeka mpya kando ya kitanda chake, na viwekwe vikombe viwili. Nikaenda kumwambia Shafii kwamba baba anataka kuipokea motere kama mgeni, tukacheka tena. Sijui tulicheka mara ngapi katika jambo hili.

Boti iliingia mchana, jua likiwa kali. Shafii na Nestori waliipandisha motere kutoka mwaloni kwa mti begani, imefungwa kwenye gunia na jina letu kwa mwandiko wako. Baba alikuwa ameketishwa, kanzu imemkaa vizuri, kofia kichwani. Wakaiweka juu ya ule mkeka mpya. Shafii akafungua gunia akasema, "Baba, ndiyo hii. Muguu mufupi." Baba aliitazama. Kisha akatazama nyuma yao, kule njiani, kama anayemngoja mwenye mzigo. Akauliza, "Iko wapi?" Shafii akaipigapiga kwa kiganja akasema ndiyo hii, baba, imefika. Akauliza tena, safari hii akinitazama mimi. Nikamshika mkono nikauweka juu ya chuma ili ahisi mwenyewe. Akauondoa. Chai nilikuwa nimeshamimina, ikapoa kwenye vikombe vyote viwili, nikaimwaga.

Hakuuliza tena. Neno lile lilikoma kinywani mwake siku ile, nasi tukasema tumemridhisha. Alianza kukataa chakula, akawa analala ameugeukia ukuta, hata ziwa halitazami. Wiki haikwisha. Alifariki asubuhi, mimi ninamlowesha midomo kwa maji, na baada ya sala ya adhuhuri tulimzika. Ndipo ulipopiga, na ndipo nilipokujibu hapana. Wallahi sikukudanganya, kaka. Nilikuambia nilichokiamini.

Kwenye arobaini alikuja mama mmoja kutoka Gitaza, anaitwa Joanita. Wewe utamkumbuka, mimi nilimjua kwa kusikia tu. Ndiye aliyekuwa anaanika ndagala, dagaa wenu, kando ya kile kiwanda cha zamani kabla sijazaliwa, baadaye akaolewa huko Gitaza. Aliketi na wanawake, akatoa pole, akala kidogo, kisha akanisogelea akaniuliza, "Na Muguu Mufupi, iko wapi? Sijaiona." Nami nilimwonyesha kwa kidole. Nilielekeza mwaloni, ilipo mashua na motere ndani ya kisima chake, nikamwambia iko pale, tena inafanya kazi vizuri sana. Yule mama akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Akasema, "Mimi nauliza Zakaria. Mutoto ya marehemu Asmani."

Niliweka kijiko chini. Nikamwomba anieleze, akanieleza pale pale katikati ya masufuria. Kwamba ulizaliwa mguu wa kushoto ukiwa mfupi kidogo, hilo nalijua, nimekua nikisikia kiatu chako chenye soli ya mbao kikigonga sakafu. Nisilolijua ni kwamba kiatu cha kwanza alikichonga baba mwenyewe, kwa kipande cha ubao wa mashua. Kwamba ulipoanza kumfuata kiwandani alikuita Mguu Mfupi, kwa raha yake, wala si kwa kukucheka, nawe ulikuwa unaitika kwa kujivuna. Joanita anasema alikuwa akiwasikia kutoka kwenye vichanja vyake, Muguu Mufupi lete misumari, Muguu Mufupi shika hapa, Muguu Mufupi twende tukale. Kisha ukaanza shule, watoto wengine wakalidaka lile jina wakakutesa nalo, na mama akalipiga marufuku. Baba akatii. Mimi na Shafii tulizaliwa jina hilo limeshasahaulika, na wewe hukuwahi kutuambia.

Alikuita, kaka. Hilo ndilo nililotaka kukuandikia tangu mstari wa kwanza. Alikuita kwa kinywa chake kama alivyoahidi, kwa jina alilokupa yeye, na alikuita kila asubuhi kabla ya kuomba maji. Ile kanzu ilikuwa kwa ajili yako. Ule mkeka, na kile kikombe cha pili.

Sasa niambie, mimi nilikuwa nasikia nini? Ameniita sindano mimi ninayeshona, amemwita Shafii kasia, na sikukaa hata kidogo nikajiuliza wewe, mwanawe wa kwanza, amekubakizia neno gani. Na hiyo "iko" yetu. Ninyi huko mtu yuko, mguu uko, motere iko, kila kimoja na lake. Sisi huku mtu iko, motere iko, Mungu iko. Baba angekuwa mtu wa Kigoma angeuliza yuko wapi, nami ningejua siku ya kwanza kwamba anamtafuta mtu. Aliuliza kwa Kiswahili chetu, tukamjibu kwa Kiswahili chetu, na majibu yakamwingia vizuri kabisa. Iko Kigoma, iko kwa njia. Hatukumwambia uongo hata mara moja, na kumbe tulikuwa tunamdanganya kila siku. Aliondoka akiamini kwamba aliita, akaahidiwa, na badala ya mwanawe akaletewa chuma. Labda alidhani ni wewe uliyeamua hivyo, umetuma motere ili usije mwenyewe. Hili ndilo linaloniamsha, na sina wa kumuuliza.

Shafii lake ni jingine. Analirudia neno moja mpaka namwonea huruma. Anasema baba hakutamka motere. Ni kweli, nimekumbuka siku zote zile, hakulitamka kabisa. Shafii ndiye aliyeliongeza alipokupigia, kwa nia njema, ili uelewe haraka. Angekuambia tu kwamba baba anataka mguu mfupi, basi, ungefunga safari siku hiyo hiyo. Naamini ulikaribia kuelewa pale ulipomuuliza kama amesema hivyo. Nakuomba usimchukie. Ameshaitoa ile motere kwenye kisima, ameifunika kwa gunia lako lile lile, amegongomea kizibo, na anasema hataigusa. Mashua yenyewe inakwenda vizuri kuliko zote alizowahi kuunda baba. Inalala kwenye upepo haiyumbi, na kwenye maji machache inaingia kama bata. Watu wanatoka mpaka Kabezi kuja kuiangalia hiyo tuneli, wanauliza ni fundi gani. Nawajibu ni kaka yangu, halafu naingia ndani.

Kwa hiyo lile jibu la "hapana" nalifuta. Aliyekuambia usikanyage mpaka akuite, amekuita, na wala si kwa kunong'ona. Ni sisi wadogo zako tuliokaa mlangoni tukaupokea mwito kisha tukaupeleka kwingine. Ukitaka kukasirika kasirika, nitanyamaza. Lakini usikasirike ukiwa huko. Nestori hatakaa sana kwa ndugu zake, rudi naye. Mlete Zuwena, walete na watoto waione nyumba. Mkeka bado ni mpya, hakuna aliyeukalia.

Wasalimie majirani zako wote walionitumia pole, na wifi yangu mwambie nitamshonea pazia, vipimo vya dirisha anitumie. Mungu akupe usingizi ukishamaliza kusoma, ingawa najua haitakuwa rahisi. Ukifika usianzie nyumbani. Nitakungoja mwaloni, nikushike mkono tupandishe taratibu mpaka makaburini, mwendo wa kiatu chako, na kule nitamjibu lile swali lake mwenyewe, kwa Kiswahili chetu hiki unachokicheka. Nitamwambia, "Baba, iko hapa."

Ni mimi mdogo wako,
Salima binti Asmani,
Sindano wa baba